Kupata dawa kinga ya VVU bila barua kufika nyumbani

Ndugu, umeeleza kwamba wewe, mwanamume Mweusi unayependa wanaume, unaishi Atlanta kwa bima ya mama yako, na daktari uliyemwomba vidonge vya PrEP, yaani dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari, alikuhubiria badala ya kukupima. Huyo achana naye. Nenda kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato. Watapima kwanza VVU na figo, na kipimo cha VVU hurudiwa kila baada ya miezi 3, hivyo tumia ziara hizo kupima kaswende na shinikizo la damu pia. Kabla ya kutumia bima, iombe kampuni ikutumie wewe taarifa za matibabu, kwani kwa kawaida barua hizo humfikia mwenye bima, yaani mama. Ikiwa tayari umekutana na hatari ya kuambukizwa, usingoje miadi: PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari, huanzwa ndani ya saa 72 tangu hatari hiyo, hata katika idara ya dharura usiku.