Mvua Inanyesha, Shamba Bado Kavu

Swali: Shikamoo bibi shamba. Nalima ekari tatu za mahindi karibu na Mkata, Handeni. Shamba alilifyeka baba, na enzi zake lilikuwa linatoa vizuri. Siku hizi ikinyesha mvua kubwa, maji yanakimbilia barabarani yakiwa mekundu, na baada ya siku nne tano mahindi yanaanza kukunja majani. Nikichimba, chini ya shubiri moja ni vumbi tupu. Wenzangu wanasema jangwa limeshafika. Nimeshauriwa nipande mikaratusi ivute mvua. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuona umechimba, maana hilo vumbi la chini ya shubiri ndilo linalotuambia ugonjwa. Mvua ilifika shambani kwako, ila haikuingia ndani.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ina mita za mraba kama 4,047, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inamwaga juu ya ekari moja lita zaidi ya 160,000. Ni malori 16 ya maji, yale ya lita elfu kumi kumi. Hata nusu yake ikikimbilia barabarani, umepoteza malori manane kwa kila ekari, tena yameondoka na samadi na udongo wa juu. Milimita moja tu ya udongo ikichukuliwa kwenye ekari nzima ni kama tani tano, na kwa macho huwezi kugundua kwamba imepungua.

Wenzako hawajakosea sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 wa kupambana na kuenea kwa jangwa hauzungumzii mchanga wa Sahara kusogea hadi kwetu. Unazungumzia ardhi ya maeneo makavu na yenye ukame wa kiasi kuchakaa palepale ilipo, kwa mabadiliko ya hali ya hewa na kwa mikono ya watu. Shamba linaweza kuchakaa hivyo huku la jirani likiwa zima.

Kwako naona mambo mawili. La kwanza liko juu kabisa. Tone la mvua likipiga udongo ulio uchi, linavunja madonge kuwa unga, unga unaziba vitundu, jua likiwaka unakauka kama ukoko wa wali. La pili liko chini: ukilima kwa kina kilekile miaka nenda rudi, iwe kwa jembe la mkono au plau ya trekta, chini ya pale panashindiliwa pakawa kama sakafu. Ng'oa mhindi mmoja taratibu utazame mizizi. Ikiwa imepinda kwenda pembeni kama kiwiko, sakafu ipo.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya jaribio hili. Chukua donge kavu la shambani, ukubwa wa punje ya mahindi, na jingine la chini ya kichaka cha mpakani ambacho hakijawahi kulimwa. Yatie kwenye glasi mbili za maji safi, usiyakoroge. La kichaka mara nyingi hukaa zima, likitoa viputo. La shamba lililochoka huporomoka mbele ya macho yako, likabaki tope chini ya glasi. Kilichopungua ni mboji, na ndiyo gundi ya udongo. Mabua yakichomwa au kuliwa yote kila mwaka, gundi haina pa kutoka.

Kwa hiyo mikaratusi hapana. Ekari tatu za miti haziiti mvua, na mkaratusi kando ya mahindi utakunywa hata kidogo ulichonacho. Anza na mashimo. Wakulima wa kijiji cha Chololo, Dodoma, wana ufundi wao: shimo la upana wa sentimita 22 na kina cha 30, umbali wa sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari, mistari ikikata mteremko. Udongo uliochimbwa uwekwe upande wa chini kama ukuta. Ndani tia majivu ya kuzuia mchwa, samadi na mabaki ya mazao. Sakafu inatobolewa, na maji yanapata pa kutulia. Ila nisikufiche, ekari moja inabeba mashimo zaidi ya 7,000. Usijaribu zote tatu. Chimba robo ekari sasa kiangazi, kabla ya vuli, uilinganishe na iliyobaki.

Kwingine panda mahindi pamoja na mbaazi, kwa kuwa mzizi wake unazama na majani yake yanadondoka kufunika udongo. Mabua yalaze, usichome. Na wafugaji wasichukuliwe kuwa maadui, nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona majirani wakigombana bure. Kubalianeni ng'ombe walale shambani siku chache baada ya mavuno, upate samadi, kisha watoke kabla udongo haujalowa. Kwato kwenye tope zinashindilia kuliko trekta.

Miti unayo tayari. Visiki vya mikwaju, mipingo na migunga vilivyokatwa kwa ajili ya mkaa bado vina mizizi hai. Kila kisiki chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, kata mengine, pogoa ya chini, kisha funga kitambaa ili wachungaji na watoto wajue mti una mwenyewe. Kitakua haraka kuliko mche wa kitaluni, bila kumwagiliwa.

Udongo pia upimwe. Mlingano, Muheza, kuna kituo cha utafiti wa udongo. Chukua sampuli sehemu kumi kwa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, ukiruka kichuguu na palipolala ng'ombe. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, pima nusu kilo. Usiifunge kwenye mfuko uliokuwa na mbolea, itaharibu majibu.