Seli za kitunguu zimelala au?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) fomu siksi hapa Arusha. Kwenye praktiko tulikata mizizi ya kitunguu, tukaipaka rangi, tukaweka kwenye maikroskopu. Nilijua ntaona kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA ya urithi, kila kona, ila seli karibu zote zina kiini cha duara tu basi. Notsi zetu zinasema interfezi, yaani kipindi kati ya mgawanyiko mmoja wa seli na mwingine, ni hatua ya kupumzika. Sasa zile seli zimelala au tulikosea sisi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hazijalala hata kidogo! Hiyo habari ya kupumzika inawapoteza wanafunzi wengi na inaniumiza kweli, maana kazi nzito karibu yote inafanyika humo humo kwenye interfezi. Ina sehemu tatu, G1, S na G2: kwenye G1 seli inakua na kutengeneza protini, ikiingia S ndo DNA yote inanakiliwa, yaani kitunguu kina kromosomu 16 na kila moja inatoka hapo ikiwa na nyuzi pacha mbili, halafu G2 seli inakagua kama kunakili kumekwenda sawa. Bila hayo itagawana nini? Ila muda wote huo DNA imetawanyika nyembamba sana ndani ya kiini, ndo maana kwenye seli hizo hukuona kromosomu.

Mitosisi yenyewe, yaani kiini kugawanyika kuwa viwili, ni fupi. Seli za binadamu zikikuzwa maabara, mzunguko mzima unaweza kuchukua kama saa 24 na mitosisi inakula saa 1 hivi, so ukichungulia muda wowote nyingi utazikuta interfezi. Chache zilizobaki ndo ziko kwenye hatua za mitosisi: profezi kromosomu zinajikunja na kunenepa, metafezi zinajipanga katikati, anafezi pacha wanaachana 16 huku 16 kule, telofezi vinaundwa viini viwili, kisha ukuta mpya unajengwa katikati. Anafezi inapita haraka mno, ukiipata waite wenzako waone.

Ila mlikata wapi? Seli zinazogawanyika ziko nchani kabisa, milimita 1 au 2 za mwisho, ukipanda juu zaidi zinarefuka tu. Chukua kitunguu cha Mang'ola pale sokoni Kilombero, kikalishe juu ya glasi kitako kiguse maji, mizizi ikitoka kata ncha peke yake, hesabu seli kama 200 na uandike ngapi ziko hatua gani. Hatua yenye seli nyingi ndo inayochukua muda mrefu, na hilo utakuwa umelipima mwenyewe bila kutegemea notsi.