Usimwage hiyo haidridi ya rutheni kabla hujafungua dirisha la NMR

Ndugu mleta mada, usimwage kitu. Umeandika kwamba ulichemsha Ru3(CO)12, yaani atomu tatu za rutheni zilizozungukwa na kabonili (kaboni monoksidi iliyoshikamana na metali), ndani ya oktani huku gesi ya haidrojeni ikipitishwa humo, rangi ya chungwa ikageuka njano, ukapima NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila aina ya haidrojeni kama kilele kwenye mizani ya ppm) kwa dirisha la kuanzia ppm 12 hadi 0, hukuona chochote isipokuwa kiyeyushi, na sasa unakusudia kumwaga mazao yote kwenye taka ili urudie kwa joto kubwa zaidi. Umeuliza pia kuhusu kusafisha kwa safu ya silika, na kama fuwele zako zitafaa kupimwa kwa eksirei. Nitayafikia hayo.

Kilichonikera ni kwamba jibu umeliandika wewe mwenyewe. Umesema infraredi ilionyesha mistari ya 2081, 2067 na 2024 cm-1. Ru3(CO)12 hutoa mistari mikuu karibu na 2061, 2031 na 2011, kwa hiyo kitu chako si kianzio kilichobaki. Hiyo ni H4Ru4(CO)12, na haidridi zake nne (haidrojeni zilizofungwa kwenye metali) hutoa kilele kimoja tu, karibu na ppm -17.8, mbali kabisa na mahali ulipokomea kutazama. Haidridi iliyokaa kama daraja kati ya metali mbili za mpito hukingwa sana na elektroni za d, na ndiyo maana huteremka chini ya sifuri kwa kiasi ambacho mtu aliyezoea kemia ya kaboni hawezi kukikisia.

Mimi niliimwaga. Aliyenifundisha kutumia mashine aliniambia kwa sauti ya mtu asiyepingwa kwamba protoni huishia sifuri na kwamba chini ya hapo ni kelele tupu. Nami, badala ya kufungua hata makala moja ya watu wanaotengeneza vishada hivi (molekuli zenye atomu kadhaa za metali zilizoungana), niliamini. Nikahitimisha kwamba mmenyuko umeshindwa, nikapeleka mazao kwenye chupa ya taka, nikaongeza joto, nikapata unga mweusi wa metali uliogoma kuyeyuka katika kiyeyushi chochote. Nikaongeza muda pia, unga ukawa mweusi zaidi. Kila mara kilichokuwa kikiteketea ni rutheni iliyonunuliwa kwa fedha ya mradi, na mwalimu yule hakuchangia hata senti. Najifariji kwamba chupa ya taka ya maabara yetu, kwa kipindi fulani, ilikuwa na haidridi safi kuliko kabati zima la kemikali.

Kinachouma zaidi ni kwamba mashine haikutoa onyo lolote. Mashine za zamani zingeweza kukunja kilele kilicho nje ya dirisha na kukirudisha mahali pasipo pake, nawe ungejiuliza kimetoka wapi. Mashine za sasa zina kichujio cha kidijitali kinachokifuta kabisa, na unabaki na mstari mnyoofu unaoonekana kuwa ushahidi wa kutosha. Wala infraredi peke yake haikuonyeshi haidridi yenyewe waziwazi, kwa sababu mitetemo ya haidridi ya daraja huwa dhaifu na mipana, na hukaa chini sana ya eneo la kabonili.

Kuhusu fuwele: eksirei itakusaidia, lakini haitakuokoa. Atomu ya haidrojeni yenye elektroni 1 ikiwa pembeni ya rutheni yenye 44 huonekana kwa shida sana. Utakachoona ni tetrahedroni ambayo kingo nne ni ndefu, takriban angstromu 2.95, na mbili ni fupi, takriban 2.79. Kingo ndefu ndizo zilizobeba haidridi. Hesabu ya elektroni nayo inakubali: 32 za metali, 24 za kabonili na 4 za haidridi ni 60, idadi inayofaa tetrahedroni yenye kingo zote sita. Ukihitaji kuzionyesha haidridi zenyewe bila ubishi, hiyo ni kazi ya kupima fuwele kwa miale ya neutroni badala ya eksirei, na neutroni hazipatikani katika kila chuo.

Tena usije ukasikia habari ya -17.8 ukafungua upande wa hasi peke yake. Katika anioni [HRu6(CO)18]-, haidridi imejificha ndani ya oktahedroni ya rutheni na kilele chake kiko +16.4, katika [HCo6(CO)15]- kiko +23.2. Mtu aliyeishia 12 angezikosa zote mbili, na angezikosa hata kama angekuwa ameteremka hadi -40. Kwa hiyo, kwa kishada chochote cha metali na kabonili, weka kitovu cha dirisha kwenye 0 na upana wa ppm 60 au zaidi, kabla hujaamua lolote kuhusu mazao yako.

Tumia mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, maana dirisha likiwa pana hivyo vilele vya pembeni hudhoofika. Ukishakiona kilele, sogeza kitovu hadi -18, kisha upime upya kwa kuacha sekunde nyingi kati ya mipigo, kwa sababu haidridi za vishada huweza kuchelewa sana kurudi katika hali yake ya mwanzo, na eneo la kilele ulilopata kwa haraka litakudanganya kuhusu idadi yake. Safu ya silika si shida, anza kuisukuma haidridi kwa heksani. Nenda kwenye mashine leo, halafu uweke spektra yote hapa, kuanzia +30 hadi -30, bila kuikata.