Sarafu ya Hadrian chini ya sakafu: je, inatosha?

Swali: Nasoma shahada ya uzamili katika akiolojia ya Ugiriki na Roma. Kwenye uchimbaji nchini Italia tulikuta sarafu ya Hadrian chini ya sakafu ya nyumba. Hadrian, kaisari wa Roma, alitawala mwaka 117 hadi 138 BK. Naweza kuandika kwenye tasnifu kwamba sakafu ilijengwa miaka hiyo?

Jibu: Hapana. Sarafu inakuambia jambo moja tu: sakafu haikuwekwa kabla sarafu haijapigwa chapa. Kama iliwekwa mwaka uliofuata au miaka mia baadaye, sarafu haisemi.

Kumbuka riale ya Maria Theresa iliyotumika Zanzibar. Iliandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka huohuo hata katika karne ya 20. Roma nako pesa zilikaa mikononi mwa watu. Dinari, yaani sarafu za madini ya fedha, ambazo jemadari Mark Antony aliwalipa askari wake mwaka 32 na 31 KK zilikuwa na madini hayo kidogo. Watu wakaficha zilizo nzuri na kutumia hizo, nazo zikazunguka kwa zaidi ya miaka 200.

Kwanza soma maandishi vizuri. Ukiona COS III, yaani konsuli kwa mara ya tatu, sarafu si ya kabla ya mwaka 119. Ukiona PP, yaani baba wa taifa, uwezekano mkubwa ni 128 au baadaye. Tazama pia imelika kiasi gani, ingawa sarafu inayong'aa huenda ilikaa kibuyuni miaka mingi.

Kisha rudi kwenye daftari na picha za uchimbaji, maana hapa ndipo wengi huponzwa. Je, sakafu juu ya sarafu ilikuwa nzima, au palikuwa na kiraka, au tundu la panya, ambapo sarafu ingeweza kupenya baadaye? Kama ilikuwa nzima, mwaga vigae vyote, yaani vipande vya vyombo vya udongo, vya tabaka lile mezani. Kilicho kipya kuliko vyote ndicho chenye kauli: kigae kimoja tu cha vyombo vyekundu vya Tunisia vya karne ya 4 kinaipiku sarafu yako.

Kikomo cha upande wa pili, yaani mwaka ambao sakafu ilikuwa tayari ipo, utakipata juu ya sakafu, si chini yake: kaburi lililoikata, au ukuta uliojengwa juu yake. Bila hicho, andika tu "mwaka 117 au baadaye", na msimamizi akikubana, mwonyeshe mchoro wa matabaka.