Ukitaka Kurekodi Mzee, Vua Saa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, nataka kutengeneza filamu kuhusu babu yangu wa Njoro. Mfadhili sina, kamera nitaazima. Nianzie wapi?" Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likaisha, kisha nikaona heri niandike, maana najua mko wengi. Kila anayesoma hapa ana filamu inayomwasha moyoni, na wengi wenu mna nyanya au babu kijijini ambaye ndiye filamu yenyewe.

Yangu ina dakika 71. Ni ya mama wa miaka 79 anayeishi peke yake Bunyore, magharibi mwa Kenya, upande wa mji mdogo wa Luanda, watoto wako Nairobi na mmoja Qatar. Hakuna anayeuawa. Hakuna shamba linalonyang'anywa. Anaamka, anafagia, anangoja simu. Simu inalia, kumbe mtu amekosea namba. Basi. Tamasha moja lilinijibu kwa sentensi mbili, ya pili ikisema mwendo wake ni wa polepole mno. Ni miezi minane sasa, na sentensi hiyo bado hunijia nikiwa naoga.

Tuanze na kosa langu. Nilimwambia mama huyo, Kukhu (yaani nyanya; ni shangazi ya baba, lakini kwetu wote hao ni Kukhu) kwamba kazi itaanza saa moja asubuhi. Alicheka tu. Siku ya kwanza nilikuwa na ratiba ya picha 14 kabla ya chakula cha mchana. Tulipata mbili. Magoti yake hayamruhusu kutembea vizuri mpaka jua la saa nne liyapashe. Saa tano wageni wanaingia, na mgeni hafukuzwi kwa sababu ya kamera. Mchana analala. Mimi nikawa wa "Kukhu, mara moja tu tena," mpaka mara ya sita akaweka ufagio chini, akaniuliza: "Omwana wanje (mwanangu), hiyo mashine yako haisikii mara ya kwanza?"

Kwa hivyo ushauri wa kwanza: fuata saa ya mzee. Siku ya tatu nilichana ratiba, nikaacha kamera kwenye stendi pale kibarazani, nikakaa chini kumenya viazi. Hapo ndipo filamu ilianza.

Kuhusu mwanga, huku kwetu jua halina huruma. Maseno pale mstari wa ikweta unakata barabara ya Kisumu kwenda Busia, na jua linashuka wima kama limeangushwa. Ule mwanga wa dhahabu mnaouona kwenye filamu za Ulaya, ambao unakaa kaa, hapa ukienda kutafuta betri umerudi giza limeingia. Taa za ndani zikipepesa kwenye picha, rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Leseni ya kurekodi ni lazima, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, ile ya filamu na michezo ya jukwaani; itafute mapema, na umsalimie liguru, yaani mzee wa mtaa, kabla hujatoa kamera kwenye mkoba. Hayo mengine ya makaratasi yatawachosha bure.

Mvua nayo. Bunyore ndiko kwa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua ambao hata wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wamekaa nao chini kulinganisha utabiri. Na mimi, mtoto wa huko huko, nikaamini simu yangu iliyochora jua. Kukhu alitazama upande wa ziwa akasema, "Anua vitu vyako." Sikuanua. Saa nane na nusu mvua ilipiga mabati hivi kwamba maikrofoni haikusikia kitu kingine mpaka saa kumi na moja. Fuata saa ya mzee, nimesema.

Sasa niwaambie kuhusu leso. Nilitaka picha ya Kukhu akihesabu pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za waliofikisha miaka 70. Wakati huo zilikuwa zikilipwa za miezi miwili pamoja, na zamu ilikuwa bado, kwa hivyo nikampa noti nne za elfu moja kutoka mfukoni mwangu. Zilikuwa nauli ya kikosi kurudi Kisumu. Alikaa kitandani, akafungua fundo la leso kwa meno na ukucha wa kidole gumba. Akanyoosha kila noti juu ya paja, akaigeuza, akailaza juu ya mwenzake. Akahesabu. Akahesabu tena. Noti ya tatu ilikuwa na pembe iliyokunjwa. Akalamba kidole, akainyoosha. Kisha akazifunga tena, fundo mara mbili, akaingiza leso kifuani. Dakika tatu na sekunde arobaini. Mshika sauti alikuwa analia, na si mtu wa kulia.

Halafu Kukhu akajilaza, akalala. Na pesa zake. Zangu, yaani. Nani angemwamsha? Kikosi kilirudi Kisumu kwa lori la mchanga.

Mhariri aliikata picha hiyo ikabaki sekunde ishirini. Nilikubali, kwa uoga. Tulipoionyesha Kisumu kwenye ukumbi wa kukodi, watu 40 hivi, ilipita kama tangazo la sabuni, na nusu ya watu walitoka kabla haijaisha. Mmoja alisema mlangoni, nami nimesimama pale pale, kwamba hii haina stori. Nikarudi nyumbani nikarudisha kila sekunde. Rafiki zangu, tumezoea klipu za kutelezesha kwa kidole, tukidhani mtu aliyetulia hafanyi kitu. Tunawaweka wazee kwenye filamu watoe methali moja kisha wafe. Unasema unampenda nyanya yako. Ulikaa naye lini bila simu mkononi? Nami nauliza nikiwa na aibu, kwa sababu kabla ya filamu hii nilikuwa sijafika kwa Kukhu miaka miwili, na nilipofika nilikuja na kamera.

Mwezi jana ndipo niliipeleka filamu kijijini kwa kina Kukhu. Shuka ukutani, jenereta ya kuazima, kina mama wazee kwenye viti vya mbele. Ilipofika leso nilijificha nyuma. Hakuna aliyeondoka. Walihesabu pamoja naye, kwa sauti, na alipofikia ile noti iliyokunjwa mmoja akapaza, "Inyooshe hiyo, watakukatalia dukani!"

Kukhu akawageukia. "Hizo ndizo nilinunulia yule mbuzi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nyuma ya shuka, akilia juu ya sauti niliyoihangaikia siku kumi na moja.