Kopo dogo, faili nene: kwa wadogo zangu mnaoanza kliaringi hapa Dar

Wadogo zangu mlioingia ofisi za kliaringi mwaka huu, naona wengi mnakimbilia magari na makontena maana ndo yanaonekana yana hela, mzigo wa chakula wa hoteli za Masaki mnaudharau, kikatoni kimoja tu kimeshuka na ndege. Sasa kwenye hicho kikatoni ikiwa ndani kuna kaviari jua umeshika mzigo wenye masharti mengi kuliko kontena zima la vigae. Mi nimekaa upande wa kago miaka ya kutosha kusema hivi: aliyeweza kuandaa faili la kaviari likapita bila maswali, faili la samaki au kiumbe chochote cha CITES, ule mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, halimsumbui.

Kwanza jueni kwa nini imebanwa, ukishaelewa sababu hutakariri kitu. Kaviari ni mayai ya samaki anaitwa stajoni, na kwa njia ya zamani ili uyapate lazima umpasue jike. Jike la beluga, aina mojawapo ya stajoni, kule bahari ya Kaspi linaweza kumaliza miaka 15 na zaidi halijataga hata mara moja, na likianza halitagi kila mwaka. Mabwawa ya umeme ya mto Volga yakamzibia njia ya kupanda kwenda kutaga, halafu 1991 Sovieti ikavunjika, ulinzi ukalegea, kila mwenye nyavu akaingia majini. Mwaka 1997 nchi za CITES zikakutana hapo Harare, stajoni wote waliokuwa bado hawajaorodheshwa wakawekwa kwenye orodha na kuanzia tarehe 1 Aprili 1998 ikawa sheria. Aina mbili ziko Kiambatisho cha I, hao wakivuliwa porini hakuna kuuziana kibiashara kati ya nchi na nchi, waliobaki wote Kiambatisho cha II, unauza ila kwa kibali. 2005 Marekani ikafunga mlango kwa kaviari ya beluga, na Januari 2006 CITES ikagoma kupitisha mgao wa kaviari ya porini mpaka nchi husika zieleze vizuri samaki wao wana hali gani. Mi naona walichelewa, stajoni wote waliobaki duniani leo wanahesabika wako hatarini. Kwahiyo mteja akianza kulalamika kwamba hizi ni sheria za kumbana Mwafrika, mwambie taratibu waliobanwa hapa ni Warusi na Wairani, na walaji wa Paris.

Siku hizi kaviari nyingi ni ya kufugwa, China ndo wanaongoza, na hata jirani zetu Madagascar wanafuga kwenye ziwa Mantasoa. Na hapa ndo vijana wengi wanaingia mkenge, mteja anasema "hii ya kufugwa haina shida" na wewe unaandika haina shida. Ina shida ndugu yangu! Ya kufugwa nayo inataka kibali na inataka lebo, sababu bila karatasi nani ataitofautisha na ya porini ikishatiwa chumvi na kufungwa kwenye kopo?

Lebo sasa, hapa tulia kidogo. Chukua kopo lenyewe mkononi, usisome invoisi. Utakuta mstari wa herufi na namba umekatwa kwa mikwaju (/). Herufi tatu za kwanza ni aina ya samaki, HUS ni beluga mwenyewe yaani Huso huso, BAE ni stajoni wa Siberia, GUE ni yule wa kaviari inayoitwa osetra, na kuna mmoja wa Marekani herufi zake ni TRA, siku ya kwanza utadhani watu wa mapato wameshagonga muhuri kule kule kiwandani. Inafuata herufi moja, W maana yake porini, C ya kufugwa. Halafu nchi alikotoka kwa herufi mbili, mwaka, namba ya kiwanda kilichosajiliwa, mwisho namba ya lundo (loti). Kila kimoja kati ya hivyo kilinganishe na kibali, lebo ikisema C na kibali kinasema W usijipe moyo kwamba ni kosa la kuchapa. Angalia na namna ilivyobandikwa, inatakiwa ukifungua kopo lebo ichanike, au kopo liwe limefungwa kwa namna ambayo likiguswa itaonekana tu. Ukiona lebo inabanduka vizuri kama stika ya daftari, weka chini na mpigie bosi wako.

Mizigo yetu mingine haitoki moja kwa moja kwa mfugaji, inapitia Dubai. Hapo karatasi unayotafuta ni cheti cha kusafirisha tena, na ndani yake lazima kitaje nchi ya asili na namba ya kibali cha kwanza. Kumbuka miezi 18, ikishapita tangu kibali cha kwanza kitolewe hiyo kaviari haitakiwi kusafirishwa tena kwenda nchi nyingine, na sapulaya mwenye stoku iliyolala atakwambia maneno matamu sana. Kibali chenyewe cha kusafirisha mzigo kutoka nchi ya asili hakizidi miezi sita. Na kinatolewa kabla ndege haijaruka, hakuna cha "nitakitumia kesho", halafu kinachotakiwa ni orijino, siyo skani ya WhatsApp. Kaviari inataka baridi karibu na sifuri ila isigande, ikikwama koldirumu wiki mbili ukisubiri karatasi kutoka nje, hata ukiachiwa shefu ataikataa.

Halafu kuna haya mayai mekundu makubwa ya salmoni, mashefu nayo wanayaita kaviari, hayo hayamo kwenye CITES. Ndo maana mi swali langu la kwanza kwa mteja huwa moja tu, jina la kisayansi ni lipi, na asipokuwa nalo faili silifungui.

Swali hilo hilo lihamishie kwenye mizigo ya kwenda nje. Mtu analeta magunia, pakingi listi imeandikwa "samaki wakavu" basi. Fungua gunia mchana kweupe. Jongoo bahari wakishachemshwa na kukaushwa wanafanana kwa asiyewajua, lakini pauni mweupe na pauni mweusi wako Kiambatisho cha II tangu 2020, na spinyo mama, jongoo bahari mwingine, naye akafuata 2024. Papa nyundo mapezi yake yamo tangu Septemba 2014, na baada ya hapo papa wengine wengi wameongezwa kwa hiyo orodha ya mwaka juzi usiiamini. Mtafute mzee mmoja pale soko la samaki la Ferry anayejua papa kwa pezi tu, msalimie vizuri, mnunulie chai, atakufundisha mambo ambayo hakuna semina itakufundisha.

Kingine, kibali cha watu wa Uvuvi hakitoshi peke yake. Cha CITES kwa Bara kinatoka Idara ya Wanyamapori, wizara ya Maliasili, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ndo wanaoulizwa upande wa sayansi, kwahiyo ni wizara mbili na foleni mbili, na mzigo wa Zanzibar una ofisi zake, usiuchanganye na wa Bara. Mteja mpe muda mrefu kuliko unaodhani, akinuna anune. Na siku mzigo unatoka hakikisha afisa wa pale mpakani amejaza idadi halisi chini ya kibali na kugonga muhuri, vijana wanaacha wazi halafu mzigo unazuiwa kule unakokwenda.

Abiria anayerudi na kopo lake kwenye begi, mkataba unamvumilia mpaka gramu 125 kwa mtu mmoja likiwa na lebo, ila nchi inaweza kuwa kali zaidi, kwahiyo usimwahidi shemeji yako kitu kabla hujauliza. Na sapulaya mpya mtumie meseji hii kabla hajabuku ndege: naomba picha ya lebo, picha ya kibali pande zote mbili, na uzito wa kila kopo. Asipojibu ndani ya siku mbili tafuta mwingine.