Napoteza bando, Daktari?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nipo mwaka wa pili wa mafunzo ya upasuaji, hospitali ya mkoa. Bingwa wetu ni mmoja na hana nafasi, kwa hiyo usiku najisomea kwa simu: video za upasuaji na maswali ya mtihani tunayotumiana WhatsApp. Wenzangu wakubwa wanasema upasuaji haujifunzwi kwenye simu. Je, napoteza bando? – Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bando hupotezi, ila nina wasiwasi na unachokitazama.

Video kupendwa na watu wengi si cheti. Chukua upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo kwa kamera. Tangu daktari wa upasuaji Strasberg na wenzake walipoandika mwaka 1995, kanuni inajulikana: safisha mafuta na nyuzi zote pale penye pembe kati ya mfuko na ini, bandua sehemu ya chini ya mfuko kutoka kwenye ini, uone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, yaani mrija wake na mshipa wake wa damu. Hapo ndipo unaweka klipu, vile vibanio vya kufunga mrija na mshipa kabla ya kukata. Daktari wa kwenye video akiweka klipu kabla hujaviona hivyo viwili, izime, hata kama muziki wake ni mtamu. Ndivyo mrija mkuu wa nyongo unavyokatwa kwa makosa.

Tena video huhaririwa. Damu ilipofoka, kipande hicho hukioni. Kwa hiyo jioni kabla ya kuingia thieta, andika hatua zote kwa mkono wako, na kila hatua uandike panapoweza kuharibika. Nenda kwa bingwa na swali moja: “Hapa pakivuja, unaanzia wapi?” Hata mwenye haraka hulijibu hilo akiwa ananawa mikono.

Angalia pia vifaa. Video nyingi za ngiri zinatumia wavu wa bei kubwa, ule unaoshonewa ndani kuimarisha pale ngiri ilipotokeza. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha wavu huo na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja matokeo hayakupishana kwa maana. (Usije ukakata chandarua cha kitandani kwako! Kile kiliandaliwa kwa utaratibu maalumu.)

Maswali ya WhatsApp yasiyo na maelezo ya jibu, yaache. Na picha ya mgonjwa isiingie humo kabisa, hata ukiwa umeficha uso.

Kama umesajiliwa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, anza na masomo yao ya mtandaoni, School for Surgeons, waliyoyaandaa pamoja na chuo cha upasuaji cha Ireland. Majarida yanayodai malipo, muulize mkutubi wa chuo chako kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002. Akikupa nywila, pakua makala ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, usome nyumbani bila bando.